Aliyoambiwa Mwari

Siku tulipomfanyia singo binti wa kaka yangu, hapa Ngamiani, Tanga, chumba kilijaa moshi wa udi na harufu ya karafuu, na sisi wanawake kumi na kitu tumemzunguka mkekani. Mwari ameinamisha uso kama inavyotakiwa. Somo wake alisema yake, na aliyasema vizuri, maana kazi anaijua. Lakini alipotoka kwenda kuswali, kila mmoja akaanza kutia neno lake, na kikao kikageuka. Tulianza kwa kumfundisha kuishi na mume, tukaishia kumwandaa kumpoteza.

Mimi nilinyamaza. Ndimi shangazi mtu, mila inaniruhusu kumwambia mwari hata yale ambayo mama yake hawezi kuyatamka, na bado nilinyamaza, kwa sababu baadhi ya maneno yale niliwahi kuyaamini mwenyewe, yakakaribia kuivunja nyumba yangu. Nina miaka 22 ndani ya ndoa. Ni ndoa tulivu: hatugombani, hatudaiani, watoto wamesoma, mezani tunacheka. Humo humo kwenye utulivu nilimtamani mtu mwingine. Mume wangu ameyasoma haya kabla ya mtu yeyote na ameniruhusu yatoke. Basi nayajibu sasa niliyoshindwa kuyajibu mkekani.

"Mapenzi ni miaka mitatu tu; mkishazaa mnabaki kaka na dada." Hili ndilo lililotangulia, na nusu yake ni kweli. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, alichapisha kitabu kuhusu ile hali ya kupagawa na mtu: usingizi unakatika, chakula hakipiti, moyo unaruka kila simu inapoita. Alikadiria kwamba kwa kawaida hudumu kati ya miezi 18 na miaka mitatu. Sina ubishi naye. Hakuna mwili unaoweza kukaa miaka ishirini bila kulala wala kula.

Kosa liko kwenye nusu ya pili, kwamba kinachobaki ni undugu. Mwaka 2012 watafiti Bianca Acevedo, Arthur Aron na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu 17 waliokuwa kwenye ndoa kwa wastani wa miaka 21, na ambao walisema bado wanawapenda wenzi wao kwa nguvu. Waliwalaza ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, wakawaonyesha sura ya mume au mke. Sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na hamu ziliamka kama zinavyoamka kwa vijana waliopendana juzi. Zile dalili za wasiwasi zinazoonekana kwa wapenzi wapya ndizo ambazo hazikuwapo. Watu 17 ni wachache, na walichaguliwa kwa sababu wenyewe walisema bado wanapenda, kwa hiyo hawathibitishi kwamba kila ndoa iko hivyo. Lakini kauli ya miaka mitatu haiachi nafasi hata ya mtu mmoja, na hapa wako 17 ambao hamu na utulivu vinakaa nyumba moja.

Jirani mmoja akadakia: "Ukiona mume anatoka nje, jua mke kajiachia." Wengi wakaitikia, na hapo ndipo nilipouma ulimi.

Nizungumze kwa uwazi. Nayapenda mambo yetu. Napenda singo, napenda asumini kitandani, udi kwenye nguo, shanga kiunoni, kanga iliyonyooshwa vizuri. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba hayo ni upuuzi. Ni elimu iliyotufikia kutoka kwa bibi hadi mjukuu, na ndani yake kuna heshima kubwa kwa mwili wa mwanamke. Ninachokikataa ni hesabu inayofuata: kwamba kwa kuwa mwanamke anajua mambo hayo, basi mume akipotea, kosa ni la udi uliokosekana. Tazameni jinsi tunavyogawa mafunzo. Mwari anakaa na somo siku baada ya siku. Anafundishwa kupokea, kukanda, kunyamaza, kusema, kusoma uso wa mtu aliyetoka kazini. Bwana harusi anapata mawaidha ya dakika chache siku ya nikaha na utani wa marafiki njiani. Mwana Kupona binti Msham, kule visiwa vya Lamu mnamo 1858, alimtungia bintiye utendi mzima akiwa mgonjwa, amwachie wosia wa kuishi na mume. Ni utungo mkubwa na uliandikwa kwa upendo wa mama anayeaga. Lakini jiulizeni, mtoto wa kiume wa ukoo gani mnayemjua aliachiwa wosia mrefu kiasi hicho kuhusu kumtazama mke wake?

Na hesabu yenyewe haisimami. Mwaka 1985 Shirley Glass na Thomas Wright wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu watu waliokwenda nje ya ndoa. Kati ya wanaume waliolala na wanawake wa nje, asilimia 56 walisema ndoa zao zina furaha. Kwa wanawake waliofanya hivyo, asilimia 34 walisema vivyo hivyo. Zaidi ya nusu ya wanaume wale hawakuwa wakikimbia mke aliyejiachia. Walikuwa na nyumba nzuri, na bado walifungua mlango. Hiyo ni Marekani ya miaka ile, sisemi kwamba tarakimu zile ni zetu. Nasema kwamba mke anayejichunguza usiku kucha akitafuta alichokosea huenda anatafuta kitu ambacho hakipo.

Halafu nina ushahidi wa nyumbani kwangu. Nilipomtamani mwingine, mume wangu alikuwa amekosa nini? Kanzu yake inanukia, salamu yake ni nzuri, mshahara wake tunauona sote. Hakuna hata mmoja katika ukoo ambaye angesema, "Mke wake kayumba kwa sababu mume kajiachia." Kipimo hicho tumekitengeneza kwa upande mmoja tu.

Bibi mmoja, nampenda na namheshimu, alisema mwanamke aliyetulia hatamani. Mwaka 2013 huko Kenya, tangazo la televisheni lililomwonyesha mama aliyeolewa akishauriwa atumie kondomu na mpango wake wa kando liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini kulalamika. Naelewa kwa nini walilalamika. Lakini wale waliolitengeneza hawakuwa wamemtunga mwanamke yule kutoka hewani. Tukimwambia mwari kwamba mwanamke mwema hapatwi na tamaa, siku itakapompata atadhani yeye ndiye mbaya wa kwanza duniani, na hatakuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa nije kwenye neno lililonihusu moja kwa moja. Msichana mmoja wa ofisini alisema, "Mazungumzo siyo mchepuko. Kuchati tu, hamjafanya kitu."

Nilikutana na mtu huyo kwenye semina ya kikazi Morogoro. Siku ya pili, wakati wa chai, aliniita kwa jina langu. Msomaji ambaye hajaishi kwetu anaweza asielewe uzito wake. Tangu nilipojifungua, mimi ni mama fulani, kwa jina la kifungua mimba wetu. Mume wangu ananiita hivyo, mawifi wananiita hivyo, muuza samaki ananiita hivyo, na ni heshima, sitaki mtu aiondoe. Lakini jina alilonipa baba yangu lilikuwa limebaki kwenye kadi ya benki na kitambulisho cha mpiga kura. Mtu yule alilitamka jinsi linavyotamkwa, akiivuta silabi ya katikati, na mimi nilisimama na kikombe mkononi kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Baada ya semina zikaja salamu. "Umeamkaje?" "Umefika salama?" Kisha maswali. Kabla hujaanza kazi hii ulitaka kuwa nani? Kitabu gani ulikisoma ukarudia? Ungepewa siku moja bila mtu wa kumpikia, ungekwenda wapi? Hakuna neno hata moja chafu. Ningeweza kuyasoma mbele ya imamu. Na hata hivyo nilianza kuilaza simu kifudifudi mezani. Nilianza kufuta. Nilianza kuoga kabla ya saa mbili usiku, kwa sababu saa mbili alikuwa akiandika.

Yule yule Shirley Glass aliandika baadaye, mwaka 2003, kitabu kuhusu watu wanaosema ni marafiki tu. Alitumia mfano wa kuta na madirisha. Nyumba yenye afya ina dirisha kati ya mke na mume, na ukuta kati yao na watu wa nje. Mambo yanapoharibika, dirisha linahamia kwa mtu wa nje na ukuta unajengwa chumbani. Niliposoma hilo niliona simu yangu imelala kifudifudi. Kuna jambo nilikuwa nimemwambia mtu wa Morogoro, kwamba naogopa uzee, na mume wangu, ambaye ninazeeka naye, alikuwa halijui. Hapo kitu kilikuwa kimeshafanyika. Hakikuhitaji kitanda.

Nimejiuliza sana nilichokitamani. Sura yake siikumbuki vizuri leo. Maswali nayakumbuka yote. Nyumbani hakuna aliyeniuliza kitu kwa miaka, kwa kuwa kila mtu aliamini ananijua. Na mimi, hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali, sikuwa nimemuuliza mume wangu swali lolote la kweli zaidi ya "umeme umenunua?" Tulidhani tumemaliza kujuana. Maneno yote haya ninayoyajibu yanatuambia tuendelee kudhani hivyo.

"Mume asipokugusa, jua anaye wa nje." Hili walilisema watatu kwa mpigo. Nililiamini kwa miezi minane, na ndilo lililonipa ruhusa moyoni ya kuendelea na maongezi yangu. Nilisema: naye ana wake, basi.

Chai ya mume wangu naitia sukari vijiko viwili tangu siku ya kwanza. Asubuhi moja ya Novemba nilisahau kitu, nikarudi kwa mlango wa uani. Nilimkuta ameinama chini ya mpapai akiimwaga chai niliyomtengea, taratibu, kikombe karibu na ardhi, ili isisikike. Aliponiona alisimama na kile kikombe kitupu kama mtoto aliyekamatwa.

"Chai ina nini?" nikamuuliza.

Akakaa kimya, kisha akasema, "Nina sukari, mama fulani. Tangu mwezi wa tatu."

Miezi minane alikuwa akiimwaga. Hakutaka kuniambia kwa sababu kulikuwa na jambo jingine nyuma yake: mwili ulikuwa umemgomea mara mbili kitandani, na mara ya tatu hakutaka kuiona. Akachagua kulala mapema. Akachagua kugeukia ukutani. Mimi nikiwa upande wa pili wa kitanda hicho hicho, nikimhesabia wanawake ambao hawakuwapo.

Tulikwenda kliniki pamoja, na daktari alituchorea kwenye karatasi. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na mishipa ya damu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo mara nyingine shida huonekana huko kwanza, miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Mwanamume anayeficha tatizo hilo anaweza kuwa anaificha taarifa iliyokuja kumwokoa. Baadhi ya dawa za presha nazo hupunguza nguvu, na zinaweza kubadilishwa ukimweleza daktari. Kwa sisi wanawake kuna kukoma kwa hedhi na ukavu unaokuja nao, kuna baadhi ya dawa za sonona zinazoshusha hamu, kuna uchovu wa kulea na kuuguza wazazi. Nyingi ya hizi zina tiba. Alituonya pia kuhusu dawa za nguvu za kiume zinazotangazwa kwenye vibandiko vya nguzo za umeme: baadhi ya dawa za namna hiyo hukutwa zimechanganywa na dawa za hospitalini bila kutajwa, na mtu anayetumia dawa za moyo zenye naitreti akizimeza presha inaweza kushuka hadi akafa. Kumbe shangazi wangapi wamewaambia wari wao "anaye wa nje" wakati mtu anahitaji kupimwa damu?

Usiku ule nami nilimwambia yangu. Wapo waliosema mkekani kwamba jambo la moyoni halimdhuru mtu, ukae nalo. Sitamwamuru mwanamke yeyote kuungama; kuna waume ambao ungamo kwao ni hatari ya ngumi, na mwenye mume wa namna hiyo ajilinde kwanza. Nasema yaliyonipata. Nilimwandikia yule mtu kwamba sitajibu tena, nikampa mume wangu simu asome kilichobaki. Alikisoma chote. Siku tatu hakusema nami zaidi ya salamu. Alikuwa akikaa barazani mpaka mbu wanamchosha. Siku ya nne aliuliza, "Ulitaka kuwa nani kabla ya kazi hii? Mbona mimi sijui?" Maumivu yale yalikuwa yake kabisa na sikuwa na haki ya kuyaharakisha.

"Hamu hailazimishwi, ikiondoka imeondoka." Kulazimishwa ni haramu, na hapo hatubishani. Lakini kungoja hamu ishuke kama mvua ni kosa jingine. Daktari Rosemary Basson wa Canada alieleza mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi walio kwenye uhusiano wa muda mrefu, hamu haitangulii. Mtu anaanza akiwa hana haja yoyote, anaukubali ukaribu kwa hiari yake, na mwili ukishaguswa kwa upole ndipo hamu inafuata. Anayesubiri kwanza awake ndipo amsogelee mwenzake anaweza kusubiri mwaka mzima akidhani amekufa. Somo zetu walilijua hili kabla ya Basson. Kukandana mgongo kwa mafuta ya nazi bila kudai kitu kingine, hiyo ndiyo shule yenyewe.

Kwa waliosema dawa ni hoteli ya ufukweni na safari ya gharama, sina mengi. Mnaweza kwenda hotelini mkabeba ukimya wenu kwenye sanduku. Arthur Aron niliyemtaja juu, na wenzake, walionyesha mwaka 2000 kitu kidogo zaidi. Waliwafunga wanandoa pamoja kwa mikono na miguu, wakawaambia watambae kwenye magodoro wakiubeba mto katikati yao bila kuushika kwa mikono. Dakika saba tu. Waliofanya hivyo walitoka wakiuona uhusiano wao kuwa mzuri zaidi kuliko wale waliopewa kazi rahisi ya kuusukuma mpira. Kilichosaidia kilikuwa ugeni na msisimko wa pamoja. Sisi tulikodi mashua tukaenda kisiwa cha Toten, kile kilicho mbele ya mji chenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Tumekitazama kutoka ufukweni maisha yetu yote na hatukuwahi kukanyaga. Mashua ilipoyumba, mume wangu alinishika mkono kwa woga, na ndipo nilipojua kwamba mwanamume niliyezaa naye hawezi kuogelea. Miaka 22.

Mwisho walizuka wawili, kijana na mzee. Kijana akasema, "Moto ukizimika ondoka, maisha yenyewe mafupi." Mzee akajibu, "Vumilia, ndoa ni uvumilivu." Chumba kikagawanyika, na mimi nawajibu wote wawili.

Kwa kijana: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kwa kawaida inataka shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi kabla mahakama haijasikiliza ombi la talaka, na mahakama inatazama kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kati ya mambo inayoyataja kuwa dalili zake kuna uzinzi, ukatili na kumtelekeza mwenzio. Mwenye kupigwa, kudhalilishwa au kutupwa asingoje hata siku moja. Lakini kupoa kwa hamu hakukutajwa, na nadhani waliotunga sheria walielewa kwamba kupoa kunaweza kuwa na sababu ambayo haijaulizwa. Mimi ningeondoka Oktoba, nisingeiona ile chai ikimwagwa Novemba.

Kwa mzee: mama, kuvumilia njaa ni sifa ikiwa chakula hakipo. Chakula kikiwepo jikoni na hakuna anayeinuka kupika, huo ni uzembe wa watu wawili. Nilivumilia miezi minane vizuri sana. Uvumilivu wangu ndio ulionifikisha Morogoro.

Harusi ni Ijumaa. Mwari nitamwita jioni ya leo, niketi naye peke yetu, nimwambie haya yote na yale ambayo hayaandikiki. Nimemwomba kaka yangu anipe nusu saa na bwana harusi pia. Kaka alicheka kwanza, kisha akaona mimi sicheki. Amesema Alhamisi, baada ya alasiri.